Utatembea na Hakuna Mtu Anakukimbiza? Kutoka Mityana hadi Namugongo kwa Miguu



Mwezi uliopita tulikubaliana kila mtu aandike historia ya mahali alipofika yeye mwenyewe kwa miguu yake, si ya kukopi kwenye intaneti. Mimi nimechagua barabara. Ni barabara ya kutoka Mityana hadi Namugongo, huko Uganda, ambayo nimeitembea siku tatu pamoja na mahujaji. Naandika nikiwa Kigali, kwa rafiki yangu Kimironko, kabla sijarudi Mahama kwenye kazi yangu ya kujitolea. Malengelenge ya miguu bado hayajapona, kwa hiyo naandika nikiwa nimekaa.

Nilipomwambia mama kwamba nitaenda kutembea, alikuwa anachambua maharage. Hakuinua hata macho. Akaniuliza tu: "Utatembea siku tatu na hakuna mutu anakukimbiza?"

Wengi wenu mnaelewa swali lile linatoka wapi. Mama alitembea kutoka Masisi mwaka 1996 na mizigo kichwani. Akafika Rwanda, akawekwa na wenzake kwenye kambi ya Mudende. Mwaka 1997 kambi ile ikashambuliwa mara mbili, Agosti na tena Desemba, na watu wengi sana wakauawa. Walionusurika walipelekwa Gihembe, kule juu Byumba, na mimi nikazaliwa huko. Mwaka 2021 Gihembe nayo ikafungwa kwa sababu makorongo yalikuwa yanakula udongo chini ya nyumba, tukahamishiwa Mahama. Sasa mtu wa namna hiyo ukimwambia unaenda kutembea kwa kupenda, lazima akushangae. Kwake kutembea ni kukimbia, hakuna kutembea kwingine.

Siku ile sikuwa na jibu. Andiko hili ndilo jibu, limechelewa kidogo.

Kwa nini Mityana

Nilipanda basi Nyabugogo jioni na hati yangu ya kusafiria ya mkimbizi, tukavuka Gatuna usiku, asubuhi nikawa Kampala kwa binamu yangu. Yeye ni mkimbizi pia, anaishi huko miaka mingi. Alinieleza kwamba kila mwaka, tarehe 3 Juni, watu wanakusanyika Namugongo kuwakumbuka mashahidi wa Uganda. Wanatoka kila upande. Wako wanaotembea wiki mbili, wako wanaotoka Kenya kwa miguu. Mimi nilimwambia ukweli: likizo yangu ni fupi na mapafu yangu si ya wiki mbili. Akasema, basi twende Mityana, ni kama kilomita 70 magharibi mwa Kampala, tuanzie hapo. Na akaongeza: "Hapo utaona kanisa ambalo hujawahi kuona."

Ni kweli. Kanisa la Kiyinda, ambalo leo ndilo kanisa kuu la dayosisi ya Kiyinda-Mityana, halina mnara mrefu kama makanisa tuliyoyazoea, wala paa la pembe mbili. Ni kama vipande vitatu vya mpira mkubwa vilivyosimamishwa, vinaelekeana. Lilichorwa na msanifu wa Uswisi anaitwa Justus Dahinden, na liko hapo tangu miaka ya 1970. Mara ya kwanza nilidhani halijamalizika kujengwa! Kisha binamu akanieleza: vipande ni vitatu kwa sababu mashahidi wa Mityana ni watatu. Majina yao ni Mathias Kalemba, Luka Baanabakintu na Noa Mawaggali.

Noa alikuwa mfinyanzi wa vyungu. Nilipojua hilo nikaliangalia kanisa tena, nikaona kitu kingine. Niliona chungu kilichovunjika, na vipande vyake vimesimama, havijaanguka. Sijui kama msanifu alifikiria hivyo. Mimi ndivyo nilivyoona, na ndiyo faida ya sanaa ya kisasa, kwamba haikulazimishi kuona kitu kimoja.

Historia yenyewe, kwa kifupi

Wamisionari Waanglikana walifika Buganda mwaka 1877, Wakatoliki wakafika 1879. Waislamu walikuwa wametangulia, kupitia wafanyabiashara Waarabu na Waswahili kutoka pwani. Hata wamisionari wa mwanzo walianza kufundisha kwa Kiswahili, lugha hii hii tunayoandikiana. Vijana wa ikulu wa Kabaka walipenda sana kusoma, mpaka watu wakawaita wasomaji. Yaani mtu akisema fulani ni msomaji, ujue ameshaingia dini.

Kabaka Mutesa alikufa mwaka 1884, akarithiwa na mwanawe Mwanga, bado kijana. Mwanga aliona hatari pande zote. Wazungu walikuwa wanaingia kutoka pwani, na vijana wake wa ikulu walikuwa wanamsikiliza mtu mwingine kuliko yeye, hata kumkatalia matakwa yake ambayo dini yao iliyakataza. Januari 1885 Waanglikana watatu waliuawa. Oktoba mwaka huo askofu James Hannington aliuawa Busoga, akiwa njiani kuingia Buganda kutoka mashariki. Novemba akauawa Yosefu Mukasa Balikuddembe, kiongozi wa vijana Wakatoliki ikulu, kwa kuwa alimlaumu Kabaka kwa kifo cha Hannington. Halafu Mei 1886, huko Munyonyo, hukumu ikatoka kwa kundi zima. Karoli Lwanga, aliyeshika nafasi ya Yosefu, na wenzake wakapelekwa kwa miguu hadi Namugongo wakiwa wamefungwa. Walikaa huko karibu wiki moja kusubiri kuni zikusanywe. Tarehe 3 Juni wakavingirishwa kwenye mikeka ya matete na kuchomwa moto. Kizito, mdogo wao, alikuwa na miaka kama 14.

Kanisa Katoliki linawahesabu 22, kwa sababu wengine waliuawa njiani na sehemu nyingine. Waanglikana wanawahesabu 23 wa kwao. Na nisisahau, kwa ndugu zetu Waislamu wa kikundi hiki: Namugongo ilikuwa mahali pa kuulia watu hata kabla. Miaka kumi nyuma, mwaka 1876, Mutesa aliwaua hapo makumi ya vijana Waislamu waliokataa kula nyama iliyochinjwa na asiye Mwislamu. Udongo ni ule ule.

Siku tatu za njia

Tulitoka Kiyinda saa kumi ya alfajiri, watu kama sitini, mbele kijana mwenye bendera, nyuma wazee wenye rozari. Tulipita Zigoti, tukapita Muduuma, Bujuuko, Buloba. Pembeni ni migomba, mashamba ya kahawa, na kila bonde lina mafunjo. Lori likipita tunashuka kwenye majani. Tulilala kwenye madarasa ya shule, juu ya mikeka, wanaume huku, wanawake kule. Jioni mama mmoja wa kijiji alileta sufuria ya maji ya moto na chumvi, akasema tutie miguu humo. Hakuuliza tunatoka wapi.

Hicho ndicho kilinigusa zaidi ya yote. Watu wanatoka kwenye nyumba zao wanakupa maji, muwa, chai. Wanakuambia "Kulika", neno la Kiganda la kumpa mtu aliyefika kutoka safari, kama sisi tunavyosema pole ya safari. Siku ya pili nilikuwa nalia kidogo kidogo nikitembea, binamu akafikiri ni malengelenge. Nilikuwa nawaza kwamba mama alitembea njia ndefu kuliko hii, na hakuna aliyetoka nje kumwambia pole ya safari. Milango ilifungwa, au nyumba zilikuwa hazina watu.

Njiani ndipo nilipoisikia vizuri habari ya Mathias Kalemba. Kwa sisi wakimbizi, yeye ni mtu wa kumjua.

Kalemba hakuwa Mganda. Alizaliwa Busoga. Akiwa mtoto mdogo alitekwa kwenye uvamizi, akauzwa Buganda, akalelewa kwenye familia ya watu wengine na ukoo mwingine. Alikua, akapata cheo huko Ssingo, na hicho cheo, Mulumba, kikawa kama jina lake. Alikuwa mtu anayetafuta. Kwanza alikuwa Mwislamu, kisha akaenda kwa Waanglikana, mwisho akabatizwa kwa Wakatoliki mwaka 1882. Akawaachilia watumwa wake. Yeye na wenzake wa Mityana walikuwa wanatembea barabara hii hii kwa zamu kwenda misioni, wanasikia mafundisho, wanarudi kuwafundisha waliobaki. Hija hii, kumbe, ni ya zamani kuliko vifo vyao. Walikuwa watembeaji kwanza.

Mei 1886 walimkamata. Walimuua Kampala, pale panapoitwa Old Kampala, kwa kumkata viungo na kumwacha afe peke yake. Ilichukua siku tatu. Wanasimulia kwamba wapita njia walimsikia akiomba maji. Siku ya tatu ya safari yetu tulisimama hapo, katikati ya kelele za boda na maduka. Kila mtu aliyekuwa na chupa ya maji aliitoa akaimwaga kidogo chini. Hakuna aliyetuamuru.

Na si Kalemba peke yake. Anatoli Kiriggwajjo alitoka Bunyoro, Adolfu Ludigo alitoka Toro, wote walichukuliwa utotoni na kuletwa Buganda. Yohana Maria Muzeyi, wa mwisho kuuawa, Januari 1887, alizaliwa Minziro, na Minziro leo iko Tanzania. Watu tunawaita mashahidi wa Uganda kana kwamba wote walikuwa watoto wa nyumbani. Kumbe ndani yao wako waliong'olewa kwao, kama sisi.

Nguzo 22

Namugongo tulifika jioni ya tarehe 2. Umati siwezi kuueleza. Fikirieni Nyabugogo siku moja kabla ya Noeli, kisha zidisheni, lakini watu wanaimba. Tulilala nje.

Asubuhi niliingia kuliona kanisa kuu dogo la Namugongo, la Dahinden yule yule. Hapa amechukua nyumba ya asili ya Waganda, ile ya mviringo ambayo paa lake la nyasi linashuka hadi karibu na ardhi, akaifanya kubwa sana kwa chuma na shaba. Nje zimezunguka nguzo 22 za shaba zinazopanda hadi juu. Nguzo moja kwa kila shahidi. Altare iko mahali ambapo Lwanga alichomwa peke yake. Kanisa lilitabarukiwa tarehe 3 Juni 1975.

Kwa nini Wazungu wa dini, ambao zamani walituletea makanisa ya kufanana na ya kwao, walikubali kanisa lifanane na nyumba ya nyasi? Ni kwa sababu ya wakati. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulimalizika 1965, ukafungua mlango kwa desturi za watu. Mwaka mmoja kabla yake, 1964, Papa Paulo VI aliwatangaza hawa 22 kuwa watakatifu. Na mwaka 1969 alikuja mwenyewe Namugongo. Ilikuwa mara ya kwanza Papa aliye madarakani kufika upande huu wa Afrika. Uganda ilikuwa huru, watu walitaka kitu chao.

Nilizunguka nguzo zile zote, nikizihesabu kwa kidole kama mtoto. Nilitafuta ipi ni ya Kalemba. Kwangu mimi zilifanana zote. Ya mkuu wa ikulu haizidi ya mtoto Kizito, na ya aliyetekwa Busoga haijapinda wala haijawekwa pembeni. Shaba ni ile ile. Nikasimama pale muda mrefu, mpaka binamu akaja kunivuta mkono.

Shahidi ni nani

Sasa nisikilizeni vizuri, hapa ndipo nataka tufike.

Tumejuaje haya yote? Nani alisema kwamba Kizito alikuwa mdogo, kwamba mikeka ilikuwa ya matete, kwamba walisubiri wiki nzima? Waliokufa hawakuandika. Ni kwamba siku ile ya moto, vijana watatu waliokuwa kwenye kundi la kuchomwa walitolewa dakika ya mwisho, wakaachwa hai. Majina yao ni Denis Kamyuka, Simeoni Sebutta na Karoli Werabe. Waliona kila kitu. Baadaye walisimulia, wengine walionusurika nao wakasimulia, na maneno yao yakaandikwa. Hata Munaku, dada yake Noa Mawaggali, ambaye alitekwa siku kaka yake alipouawa, akakombolewa na wamisionari, alibaki kuwa mmoja wa watu waliobeba habari za Mityana.

Kwa Kiswahili tuna neno moja linalowafaa watu hawa wote. Aliyekufa kwa ajili ya imani ni shahidi. Aliyeona akasimulia naye ni shahidi. Nguzo zile 22 zisingekuwepo bila wale watatu. Bila Kamyuka na wenzake tungekuwa na msitu tu, na majivu, na watu wanaosema "inasemekana hapa waliuawa vijana fulani".

Kutoka moto wa 1886 hadi Papa Benedikto XV kuwatangaza wenye heri mwaka 1920 ni miaka 34. Kwa miaka hiyo kazi ilikuwa moja: kuwauliza walioona, wakiwa bado hai.

Mudende ilikuwa 1997. Miaka 34 baada ya Mudende itakuwa 2031. Si mbali. Wazee wetu wanapungua Mahama, na wengine wamekwenda Marekani na Kanada na habari zao. Kila Desemba tunawasha mishumaa, tunasema "ndugu zetu wa Mudende", tunarudi nyumbani. Tunawataja kwa jumla tu, majina hatuna. Mnakumbuka mjadala wetu wa mwaka jana, wengine walisema tuandike majina, wengine wakasema itafungua vidonda. Mimi nilikuwa upande wa vidonda. Nilisema tuwaache wazee wapumzike.

Nimebadilisha mawazo, na nawaambia kwa nini. Huwezi kumpumzisha mtu kwa kumnyamazisha. Mama hajawahi kutuambia kuhusu Mudende, na hajapumzika.

Niliporudi Mahama wiki ile, nilimkuta amekaa mlangoni. Nilimpa kichupa cha maji niliyochota Namugongo. Akacheka, akasema maji hata hapa yako. Kisha akaniangalia miguu, akaenda kuleta beseni na chumvi, bila kuambiwa na mtu. Nilipotia miguu nikamwambia habari ya Kalemba, jinsi alivyouzwa akiwa mtoto, jinsi alivyoomba maji. Alisikiliza mpaka mwisho. Nikamuuliza polepole: mama, kwetu, kabla yangu, kulikuwa na mtoto mwingine? Kwa sababu siku zote nilisikia shangazi wakinong'ona.

Alikaa kimya mpaka maji yakapoa. Halafu akasema jina, na umri, miaka miwili na nusu, na akasema walipokuwa wamelala, karibu na mlango wa upande gani.

Jina hilo sitaliandika hapa, ni la mama. Lakini limeandikwa kwenye daftari la kurasa 96 nililonunua hapa Kimironko, mstari wa kwanza. Mistari mingine ni mitupu.

Kwa hiyo naomba hivi. Kila mmoja wetu aende kwa mzazi mmoja, au mzee mmoja, amwombe jina moja tu, na mahali mtu huyo alipotoka, hata kama alitoka mbali na kwetu, hata kama hakuwa wa kabila letu wala dini yetu. Msilazimishe. Anzeni kwa kutia miguu yao kwenye maji ya moto kama mnaweza. Asiyetaka kusema, mwacheni, mrudi siku nyingine. Daftari nitalikabidhi kwa katibu Jumamosi ya mkutano, na litakuwa linakaa kwenye chumba cha vijana, si kwenye simu ya mtu.

Na kwa swali la mama: ndiyo, nilitembea siku tatu na hakuna mtu aliyenikimbiza. Kulikuwa na watu mbele yangu, nikawafuata.